Mume wangu ananiambia petroli ni rahisi kuliko mafuta ya kupikia

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Gongo la Mboto hapa Dar es Salaam. Nauza juisi ya ukwaju na ya pasheni pembeni ya kijiwe cha bodaboda. Mume wangu ameajiriwa kwenye duka la vipuri Kariakoo. Ni mtu mzuri, sitaki nimsingizie. Halewi ovyo, hajawahi kuninyanyulia mkono. Shida yetu ilianza mwezi wa tatu, siku tulipoleta gari nyumbani.

Gari lenyewe ni Toyota IST, tulilinunua kwa mtu. Kabla ya hapo alikuwa anapanda daladala, na kwa siku hakuzidisha elfu mbili, hata akichukua bajaji kutoka kituoni usiku. Sasa anaondoka na gari Jumatatu mpaka Jumamosi. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 40, na kwa foleni ya Barabara ya Nyerere mwenyewe anasema linakula lita nne. Hela ya matumizi aliyokuwa ananiachia ilikuwa 15,000 kwa siku. Tangu gari lije naachiwa 10,000, na tuko watu watano.

Nikilalamika anaanza hesabu. Anasema: "Lita ya petroli ni 2,900. Lita ya mafuta ya alizeti unanunua 6,000. Bia ya nusu lita 2,500, maana yake lita ni 5,000. Asali lita ni 15,000. Hata kahawa ya kijiweni, kikombe cha 200, vikombe 15 ndiyo lita, tayari 3,000! Sasa mama, kitu gani cha bei hapa?" Halafu anamalizia na mimi: "Juisi yako lita 2,000. Ukwaju umetoka Dodoma na lori. Petroli imevuka bahari. Nani kati yenu anawaibia watu?"

Wale vijana wa bodaboda wakamsikia siku moja, sasa ndiyo utani wao. Mteja akiagiza juisi wanamwambia bora ajaze tangi. Nacheka nao, lakini moyoni naumia, kwa sababu najua kuna mahali hesabu yake ina kasoro, na mimi sijui ni wapi. Namba zake zote ni za kweli. Nimezihakiki dukani.

Nikueleze na ya kwangu ili usinipendelee bure. Ndoo ya lita 20 ya ukwaju inanigharimu hivi: ukwaju kilo mbili 8,000, sukari 8,000, gesi na maji 2,000, barafu 2,000, chupa tupu 40 kwa 150 kila moja ni 6,000. Jumla 26,000. Nikiuza chupa zote kwa 1,000 napata 40,000. Ndoo moja inakwisha kwa siku mbili. Ile 14,000 inayobaki ndiyo naziba nayo pengo la matumizi, na kidogo napeleka kikoba, hisa mbili za elfu tano kila wiki. Hicho kikoba mume wangu hakijui.

La mwisho. Wiki iliyopita gari lilimzimikia karibu na nyumbani, akachukua chupa yangu moja ya juisi akaenda nayo kituo cha mafuta. Ilibaki karibu nusu, ameiweka juu ya kabati la jikoni, eti ya dharura. Nilipomwambia aitoe akasema, "Hiyo ni ya bei kuliko juisi yako, itunze." Nilichoka, shangazi. Nimjibu nini?

Mama Juisi, Gongo la Mboto

*

Marahaba, mwanangu.

Ishushe ile chupa. Weka simu chini, nenda ukaishushe, halafu rudi usome. Wewe unauza juisi kwenye chupa za aina ileile, watoto wako wamezoea kuona pasheni humo, na petroli ikikaa kwenye chupa inayoonyesha, kwa mbali ni kama pasheni iliyozimuliwa. Mtoto mwenye kiu haulizi. Na ikitokea ya kutokea, kwa yeyote anayesoma hapa: usimtapishe mtoto, wala usimshindilie maziwa kama tulivyofundishwa na majirani. Petroli inaporudi juu ndipo inapoingia kwenye mapafu, na huko ndiko inakoua. Mkimbize hospitali, uende na chupa aliyonywea. Mbali na mtoto kuna moto. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini sakafuni kuutafuta moto, nawe una jiko la gesi mita mbili kutoka hapo. Akitaka mafuta ya dharura anunue kidumu kilichotengenezwa kwa ajili ya mafuta, na kisikae ndani ya nyumba.

Umerudi? Haya, tuzungumze na huyo mhasibu wa Kariakoo.

Kwanza nimpe haki yake, maana jambo aliloliona lina mshangao wa kweli na watu wengi hawalioni. Petroli ni rahisi mno kwa kazi inayofanya. Lita moja ina nguvu inayolingana, kwa kadiri, na kilo mbili za sukari. Kilo mbili hizo utazinunua kwa zaidi ya 6,000. Au mwambie aende kwa wasukuma mikokoteni pale pale Kariakoo, awaulize watamtoza shilingi ngapi kusukuma IST, tani nzima ya chuma, kilomita kumi, nusu ya njia ya Gongo la Mboto. Lita moja inaifanya kazi hiyo kwa 2,900, na haisimami kunywa maji.

Imevukaje bahari ikabaki na bei hiyo? Kwa wingi. Meli inayofunga gati Kurasini inabeba makumi ya maelfu ya tani. Chukua tani 30,000 tu: hizo ni karibu lita milioni 40, na mabaharia wake hawajai daladala moja. Nauli ya meli ukiigawa kwa lita milioni 40, kila lita inabeba kijisehemu kidogo. Halafu kampuni zetu haziagizi kila moja kivyake, zinaagiza kwa pamoja kupitia wakala wa serikali wa uagizaji, PBPA. Wewe unaagiza ukwaju kilo mbili. Ndoo yako ya lita 20 inabeba mgongoni gesi, barafu, chupa 40, jua la mchana na miguu yako. Ukitaka kuona kinachouzwa kwenye chupa, tazama maji. Uniti ya maji ya bomba, yaani lita 1,000, haifiki bei ya lita mbili za petroli. Maji hayohayo yakishasafishwa, yakatiwa kwenye chupa za nusu lita za 500 au 600, lita 1,000 zinafika shilingi milioni moja au zaidi. Anayenunua amelipia zaidi chupa, lebo, lori na friji ya mwenye duka. Kwa hiyo huibii mtu. Katika 1,000 ya chupa yako, 650 zimekwisha kutoka kabla hujamwona mteja.

Petroli nayo, ukiifungua, mafuta yenyewe ni sehemu tu. Pipa moja la mafuta ghafi ni lita 159. Pipa likiwa dola 70 na dola ikiwa 2,500, lita ya mafuta ghafi ni kama 1,100, sawa na chupa mbili ndogo za maji. Juu ya hapo kuna kusafishwa, maana sisi kiwanda chetu cha Kigamboni kiliacha kazi hiyo zamani na tunanunua yaliyokwisha kusafishwa. Kuna meli, bandari, maghala, faida ya kampuni na ya mwenye kituo. Na kuna serikali. Tozo zake nyingi kwenye petroli hazihesabiwi kwa asilimia. Ni shilingi kadhaa kwa kila lita, bei ya dunia ipande au ishuke. Mwaka 2021 iliongezwa 100 kwa ajili ya barabara za vijijini, mwaka 2023 ikaongezwa 100 nyingine kwa miradi ya kimkakati. Ndiyo maana ukisikia kwenye redio kwamba mafuta yameporomoka duniani, kwenye pampu yanashuka kwa kusitasita. Tarehe 20 Aprili 2020, wakati wa korona, mafuta ghafi ya Marekani yaliuzwa chini ya sifuri, muuzaji anamlipa mnunuzi ayachukue. Hakuna aliyejaziwa tangi bure Gongo la Mboto.

Na bia yake anayoitolea mfano imebeba ushuru wa bidhaa pamoja na VAT ya asilimia 18. Soda vilevile. Petroli ina ushuru na tozo zake lakini huku Bara haina VAT. Analinganisha vitu vyenye mizigo tofauti kabisa ya kodi, halafu anashangaa bei hazifanani.

Lakini haya yote, mwanangu, ni mazungumzo ya kijiweni. Ni matamu, na mimi nayapenda kuliko inavyonipasa, ila hayakuongezei nyanya kwenye sufuria. Kasoro uliyokuwa ukiitafuta iko hapa: mumeo anapima kwa lita vitu ambavyo nyumba haivitumii kwa lita.

Mafuta ya alizeti, lita moja inakaa muda gani hapo kwako? Watu watano, tuseme wiki. Basi alizeti ni 6,000 kwa wiki. Asali lita ya 15,000 nadhani inamaliza miezi, na ni ya kikohozi. Gari linakunywa lita nne kwa siku, siku sita, lita 24 kwa wiki. Hizo ni 69,600. Mwambie, kama bia na petroli ni ndugu, basi naye anywe bia kwa kipimo cha gari: lita 24 kwa wiki, chupa 48, nane kila siku ya kazi. Hapo tutazungumza kuhusu kitu cha bei.

Sasa chukua daftari lako la juisi, fungua ukurasa mpya, uandike siku moja tu ya nyumba yenu. Gari: lita nne kwa 2,900, jumla 11,600. Watu watano: 10,000. Usiongeze neno. Muonyeshe akiwa ameshakula, ameoga, hana haraka, na usiwe umesimama mlangoni umeshika kiuno.

Kuna namba nyingine ambayo hukuiona, na mimi imenitia wasiwasi. Kwa siku 26 za kazi gari linakula 301,600. Daladala na bajaji zilikuwa 52,000. Tofauti ni kama 250,000 kwa mwezi. Kwako amekata 5,000 kwa siku, ambayo ni 150,000. Laki moja iliyobaki inatoka wapi? Na hapo sijagusa bima, oili, matairi wala maegesho ya mjini. Huenda amejinyima chakula cha mchana. Huenda anakopa kwa simu, na mikopo ile ya haraka riba yake inachoma kuliko petroli yoyote. Mtu anayetoa simu kupiga hesabu kila akiulizwa, mara nyingi hesabu hiyo anajipigia mwenyewe. Amekaa miaka kwenye daladala, amenunua gari, anaogopa kukiri kwamba halimudu. Kwa hiyo muulize hilo swali kwa upole. Usiliulize mbele ya bodaboda.

Na wewe usijione malaika. Unamdai mwenzio hesabu za tangi huku umefunika za kikoba. Najua kwa nini, nami mtaani nimesikia sababu zote na nyingine ni za msingi: kuna wanaume ambao akiba ya mke wakiijua leo, kesho ina mwenyewe. Huyu hujamsema hivyo. Umesema ni mtu mzuri. Basi siku utakapoweka ukurasa wa gari mezani, weka na wako, 14,000 za ndoo na hisa mbili za wiki. Asipojua kwamba juisi ndiyo inayoziba 5,000 aliyoikata, ataendelea kuamini kwamba haikuuma popote. Umemfichia maumivu, sasa unashangaa haoni jeraha.

Mkishakaa, msianze na kuuza gari. Gari limeshanunuliwa, mkiliuza kwa hasira mtalitupa. Anzeni na siku tatu. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa apande daladala, gari lipumzike. Kila siku anayoliacha anabakiza 9,600. Kwa wiki ni 28,800, kwa mwezi inapita laki na ishirini. Hiyo inakurudishia sehemu kubwa ya ulichopunguziwa. Ana majirani wanaokwenda mjini asubuhi ileile? Siku anazoendesha wachangiane mafuta. Na zile siku gari liko Kariakoo lifanye kazi ya nyumba: sukari achukue mfuko kwa jumla, ukwaju achukue sokoni kwa bei ya gunia lililogawanywa, chupa achukue mia kwa mpigo. Ukipunguza hata 200 tu kwa kila kilo ya sukari na 30 kwa kila chupa, ndoo yako inaongeza karibu 1,700 bila kupandisha bei kwa mteja. Hapo mtakuwa mmelipatia tangi lake sababu.

Unaweza kusikia akikuambia kwamba mafuta yakipanda, wewe hayakuhusu kwa kuwa huendeshi. Hapo amekosea waziwazi. Ukwaju wako na nyanya za Ilula zinakuja kwa lori la dizeli. Desemba 2023 nauli ya chini ya daladala za mjini ilitoka 500 ikaenda 600, na gharama ya mafuta ilikuwa miongoni mwa sababu. Mwaka 2022 serikali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi, na bado Agosti ile petroli ilifika 3,410 hapa Dar. Kumbuka sufuria yako ilikuwaje mwaka ule. Mwenye gari aliumia mara moja kwenye pampu. Asiye na gari aliumia kwenye nauli, kwenye vitunguu, kwenye mkaa, na hakupewa risiti.

Kuhusu vijana wa bodaboda, wale wasikuumize. Wao ndio wanaojua bei ya lita kuliko mumeo, maana kila jioni wanahesabu imebaki ngapi baada ya mafuta na hesabu ya tajiri. Mmoja wao akirudia utani wa tangi, mwuzie chupa, umwulize lita moja inamlaza na shilingi ngapi. Atakujibu kwa kilomita na abiria. Hatakutajia bei ya asali.

EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, wanatangaza bei kikomo mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Siku hiyo mkae wote wawili na daftari, mbadilishe ile 2,900 kama imebadilika, mpige upya mstari wa gari na mstari wa watu. Halafu uniandikie. Nataka kujua ile laki moja ilikuwa inatoka wapi, na ile chupa uliitupaje. Kama uliimwaga kwenye mtaro, nitakugombeza kwa barua nyingine. Ilipaswa kuingia kwenye tangi la gari.

Shangazi